Jiwe la Upande wa Kichwa

Shemeji yangu alilitoa kwenye gunia, akaliweka juu ya meza yangu ya maziwa sokoni Isiolo. Nililijua kabla hajaondoa mkono. Jiwe la umbo la yai, kubwa kuliko la mbuni, lina mstari mweupe katikati na kashimo upande mmoja ambamo kidole gumba changu kinaingia. Nililiokota mwenyewe kwenye laga, mto wa mvua uliokauka, kule Korbesa, nikaliweka upande wa kichwa kwenye kaburi la binti yangu.

Nilikuwa napimia mteja maziwa ya ngamia, nikamaliza kupima.

Binti yangu alikuwa na miaka sita wezi wa mifugo walipotuvamia. Mimi risasi ilipita begani. Yeye tulimzika haraka pale alipoangukia, tukahama. Waliopiga risasi sikuwaona sura. Wengine wenye lawama nawajua. Chifu wetu wa wakati ule alipigiwa simu asubuhi, akasema anakuja, akazima simu. Polisi wa akiba walikuwa sokoni wanatafuna miraa, bunduki za kutulinda ziko magotini. Na huyu shemeji, ndugu wa marehemu mume wangu, alionywa siku moja kabla, akahamisha ng'ombe wake kimyakimya. Majina siandiki. Wanajijua.

"Shemeji, hili ni yai la wale wanyama wakubwa wa zamani," alisema. "Limegeuka jiwe. Wazungu wanayatafuta. Si una yule mwalimu anayenunua maziwa? Aliangalie."

"Umelitoa wapi?"

"Huko Korbesa. Lilikuwa limelala tu."

Tu. Ningeweza kumwambia hapo hapo. Sijui kwa nini sikumwambia. Nilifunika mitungi, tukaenda.

Mwalimu, Mmeru anayefundisha jiografia, alicheka. "Mama Maziwa, umeacha ngamia umeanza kufuga kuku?"

Lakini alilishika kwa mikono miwili. Akalimwagia maji, akalisugua kwa mswaki mkuukuu, akalitazama kwa kioo cha kukuza.

"Yai huwa na ganda," alisema. "Lingeonekana hapa palipobanduka, jembamba, lenye vitundu vidogo sana. Hili halina. Ona, ni tabaka juu ya tabaka. Ni matope yaliyoshikana zamani yakawa mawe. Wengi hudanganyika."

"Vunja tuone ndani," shemeji akasema.

Mwalimu akanyoosha mkono kuchukua nyundo.

"Usivunje," nikasema. "Ni jiwe la kaburi la mtoto wangu."

Nyundo ikarudi chini. "Pole sana, mama."

Shemeji aliangalia viatu vyake. "Wallahi sikujua. Pale hakuna kaburi, shemeji. Ni tambarare."

Hapo hakudanganya. Udongo ulishasawazishwa na mvua na kwato. Alama iliyobaki ilikuwa hilo jiwe.

Kesho yake nilipanda naye lori la kwenda Merti, jiwe likiwa miguuni mwangu. Tulipofika Korbesa ndipo nikaona alichofanya: alikuwa amechimba mashimo kila mahali, ya kina cha goti, akitafuta mayai mengine. Akasimama kwenye moja, akahamia lingine, akarudi.

"Ni hapa. Au pale karibu na mgunga."

"Hapa au pale?"

"Shemeji, nitaapaje?"

Nilijaribu kukumbuka mimi mwenyewe. Siku ile nakumbuka kidole changu ndani ya kale kashimo. Ardhi siikumbuki, wala kama kulikuwa na mti.

Nililiweka kati ya mashimo mawili, nikasoma Fatiha, nikamwambia afukie yote kwa mikono. Alilalamika kuhusu mgongo, kisha akapiga magoti akaanza. Nilikaa kivulini nikimtazama. Nilingoja machozi kidogo. Nilichosikia ni njaa.