Ngazi ya Mwashi

Ngazi ile mwashi aliijenga mwenyewe ujanani, kwa saruji aliyoisugua mpaka ikawa laini kama ganda la yai, kijivu kitupu kutoka chini hadi juu. Wageni waliisifu, naye hakuwakataza.

Sasa uzee ulikuwa umempigia hodi machoni. Mchana aliona vizuri. Lakini giza lilipoanza kuingia, vipandio vyote vilichanganyika vikawa kama ukuta mmoja ulioinama. Jioni moja alikanyaga hewa, akakaa kitako bila kupenda.

"Tuhamie chumba cha chini, mzee wangu," mkewe alisema, akimkanda kiuno.

"Na upepo wa juu tuwaachie popo?"

"Basi niachie mimi hiyo ngazi."

Asubuhi mkewe alichukua brashi na rangi nyeupe, akapaka mstari kwenye ukingo wa kila kipandio. Mwashi alinuna kutwa nzima. Ngazi yake imegeuzwa punda milia.

Jioni alisimama chini yake, lawama zimemjaa mdomoni. Lakini mistari ilijitokeza gizani, mmoja baada ya mwingine, ikimwonyesha pa kuweka mguu. Akapanda mpaka juu bila kupapasa ukuta. Mkewe alikuwa akimngoja dirishani.

"Haya, sema."

"Mstari wa tatu umepinda."

"Umeuona?"

"Si nimekwambia umepinda?"

Mkewe akacheka, akasogea kidogo, akampisha penye upepo.