Aliyekitangulia Kipimo

Juzi nilikwenda kupima sukari kwenye kliniki moja ya Al Nahda, huku Uarabuni. Mbele yangu kwenye dirisha la maabara alisimama askari wa ulinzi, Mkenya, anayetibiwa uraibu wa vidonge. Nesi, dada wa Kizanzibari, alimpa kikopo cha mkojo. Ukumbi ulijaa Waarabu na Wahindi, basi wakazungumza Kiswahili bila kunong'ona.

Askari hakukipokea. Alivua kofia kwanza.

"Sister, kabla hujapima, Ijumaa nilimeza viwili. Miezi minne sikugusa, halafu nikaanguka."

Nesi akaweka kalamu chini. "Kaka'angu, mwanzoni kipimo kilikuumbua mara tatu, na kila mara uliapa. Leo umekitangulia. Hapa hatupimi ili tukukamate, tunapima tujue wapi tukushike mkono. Haya, kalete, daktari anakusubiri."

Akaondoka kifua mbele, kikopo mkononi kama aliyeshinda kombe. Nikamwonea fahari, utadhani ndugu yangu.

Kisha nikaitwa mimi, niliyejinyima chai ya maziwa yenye sukari tele siku tatu tu ili nimpumbaze daktari. Nikakunja mkono wa shati, nikakohoa.

"Dada, kabla hujanichoma..."