Spektrometa ya Chaki

Mwalimu wa kemia alikuwa na spektrometa, mashine ya kutambua chembe kwa uzito wake, moja tu, ya chaki. Kila mwaka aliichora ubaoni kwa mkono wake wenye makovu ya tindikali, kisha akapepeta ulezi dirishani: makapi yakaruka mbali, punje zikaanguka karibu. “Chembe ikishapewa chaji na kurushwa, sumaku ndiyo upepo wake. Nyepesi hupinda sana, nzito hupinda kidogo. Hakuna inayojificha.”

Wegesa wa kidato cha nne aliyaamini hayo. Jumatatu akaleta chupa ya maji ya kisima cha kijiji cha ujamaa; tangu wahamishiwe huko, nyumbani kwao walikuwa wamezika watoto wawili.

“Shikamoo, mwalimu. Yapime. Mama anauliza tunywe au tuache.”

“Mashine iko ubaoni, binti yangu.”

“Naiona, mwalimu. Maji niyamwagie wapi?”

Mwalimu aliinua chupa kwenye mwanga. Maji yalikuwa meupe kabisa.

“Mwambie achemshe.”

Wegesa akashukuru kwa adabu. Wiki iliyopita mwalimu huyohuyo aliwafundisha kwamba sumu ya madini haiondoki kwa kuchemshwa, na katika mtihani ni Wegesa peke yake aliyelijibu sawa swali hilo.