Ndevu Nilizozishika Gizani

Jamani, haya ya juzi nayasema mwenyewe kabla mke wangu hajayasambaza kisimani.

Mvua ya upepo na baridi ilipenya paa la udongo la tembe letu, ikazima moto jikoni. Nyumba haina dirisha, basi ikawa giza mchana kweupe, na mtoto analia kwa baridi. Mke wangu akajifunika ngozi, akakimbilia kwa jirani kuomba kaa la moto. Mimi, mpagazi niliyebeba mizigo ya Wajerumani hadi pwani, nikabaki kubembeleza mtoto na kuwazuia mbuzi wasitoke zizini wakatujazia chumba.

Mara mlango ukasukumwa. Kitu kikaingia kikichuruzika maji, kikajibwaga kwenye ngozi yangu ya kulalia. Nikajua ni yule beberu wetu mkorofi.

“Toka!” nikafoka.

“Mi-mi-mi...” akatetemeka.

“Usinililie hapa!” Nikapapasa, nikakamata ndevu zilizolowa, nikazivuta. “Mzee mzima huna adabu! Kila siku kuvamia malazi ya watu!”

Akaguna. Nikamzaba kofi.

Hapo mke wangu akaingia na kaa lake kwenye kigae, akalipuliza, chumba kikapata mwanga. Mkono wangu ulikuwa bado umeng’ang’ania ndevu za baba yake mzazi, aliyetembea kutoka Mvumi kuja kuona kama binti yake ameolewa na mtu mwenye akili.

Mke wangu akapiga goti.

“Shikamoo, baba.”