Daktari Anauliza Kama Umechoka

Wazee wenzangu hapa Nakuru wakikutana husema kwamba ngumi za miaka ya hamsini ndizo zilikuwa ngumi. Upuuzi mtupu. Mimi nilizitazama kwa karibu kuliko wao wote, maana ndimi niliyeshika ndoo ya maji kwenye kona ya bingwa wao, na bingwa wao alikuwa amemwoa dada yangu. Nilichokiona ni mwanamume wa makamo mwenye pua iliyobonyea, anayepumua kwa mdomo, akipigiwa makofi na watu ambao hawajawahi kuonja hata kofi moja la maana.

Kufikia wakati ninaousema, shemeji alikuwa amekwisha, na nyumbani hakuna asiyejua. Dada akimwekea kikombe cha chai upande wa kushoto, mkono wake ulipita kando ukashika hewa, basi dada akazoea kukiweka upande wa kulia. Watoto aliwaita kwa majina ya ndugu zake waliokufa. Setla mmoja wa Kizungu mwenye duka la vifaa vya shamba alimpa kazi mlangoni kwa sababu ya sifa zake, na kazi yenyewe ilikuwa kusimama. Hata hiyo ilianza kumshinda. Alikuwa akisinzia wima, ameegemea mapipa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Lakini akipita mtaa wa Bondeni jioni ungedhani ni gavana. "Championi! Championi!" Walimnunulia pombe ya busaa, wakamminya misuli ya mkono kama wanaochagua fahali mnadani, wakamwambia kwamba yule kijana mkamuaji ng'ombe wa Naivasha aliyekuwa akilitaka taji lake hatamaliza raundi mbili. Alicheka na kuwaamini. Mpaka leo sijui nilimdharau nani zaidi, wao kwa kuupika uongo huo ama yeye kwa kuunywa.

Dada alitaka kitu kimoja tu: mumewe aache ngumi akiwa bado anaona. Alilisema asubuhi, akalirudia jioni. "Baba watoto, hilo jicho likienda halirudi." Shemeji alimjibu kwamba mambo ya ulingoni si ya wanawake.

Kabla ya kila pambano bondia alipimwa na daktari Mzungu, katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa lokesheni, mtaa wa sisi Waafrika. Daktari wa mwaka huo alikuwa mgeni, hajui hata kuomba maji kwa Kiswahili. Mkalimani akawa mwenyekiti wa klabu yetu, karani aliyetembea na kalamu mbili mfukoni na kuvaa tai hata siku ya kufua. Alikuwa na Kiingereza cha kutosha kuwatisha wasio nacho.

Daktari alimulika lile jicho la kushoto, akapitisha kidole mbele yake, akakipitisha tena. Kisha aliketi akaongea kwa muda mrefu, kwa upole, akionyesha jicho, akionyesha ukumbi, akionyesha vijana waliokuwa wakiruka kamba nje. Karani aliitikia kwa kichwa kila neno. Mwishowe akamgeukia shemeji.

"Championi, daktari anauliza kama umechoka."

Basi. Hotuba yote ile ikawa hilo tu. Sasa hebu muulize bondia kama amechoka, amevua shati, na mabondia wenzake wamejazana mlangoni wakisikiliza.

"Mimi? Nichoke?" Shemeji alijipiga kifua. "Mwambie sijachoka. Mwambie hata akileta wawili nitapiga wote."

Karani alilifikisha hilo, tena kwa majivuno, kana kwamba kifua kilichopigwa ni chake. Daktari aliinua mabega, akampitisha. Angekuwa ng'ombe wa setla, naamini daktari angekataa atolewe zizini.

Walipigana Jumamosi mchana, kwa sababu ilikuwa Hali ya Hatari na usiku kulikuwa na kafyu. Wapasuaji mbao walikuja kwa malori kutoka Elburgon, vibarua wakateremka kutoka Dundori, na masetla wakakalia viti vya mbele na chupa zao. Shemeji alirusha ngumi pale mkamuaji alipokuwa, si pale alipo. Watu wakaanza kucheka, wale wale wa busaa. Mkamuaji aliona aibu, akawa anamgusagusa tu kama anayebisha hodi. Shemeji, badala ya kushukuru, akamtukania mama. Hapo ndipo alipopigwa sawasawa, na jicho la kushoto likafa.

Hospitalini tulikuwa mimi na dada kando ya kitanda yule daktari alipokuja akifoka. Dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, mtu mzima mtaratibu, alitutafsiria.

"Anasema si alimwambia astaafu? Si alimwambia kuna kazi ya kufundisha vijana pale ukumbini, na chumba cha kuishi na familia?"

"Aliulizwa kama amechoka," nikamwambia.

Dresa alifikiri, kisha akashika kichwa. "Kwa Kiingereza, ritaya ni kustaafu. Tayadi ni kuchoka. Huyo karani wenu ameshika mkia wa neno, kichwa kikampita."

Kuanzia siku hiyo dada hakumsalimia karani tena. Kanisani karani akinyoosha mkono, dada alimtazama viatu. Alimlaani akiteka maji na akamlaani akikoroga uji, nami nikamsaidia kwa moyo mweupe, maana matusi ya kumtukana karani yalikuja yenyewe.

Miaka ikapita. Siku moja tulikuwa nje ya nyumba, dada anachambua maharagwe kwenye ungo, mimi nikaanza tena habari za yule mpumbavu wa kalamu mbili.

"Mwacheni huyo mtu," shemeji akasema. "Nilimsikia daktari mwenyewe. Ritaya nalijua tangu vita vya Burma. Jeshini ndiyo ilikuwa amri ya kurudi nyuma."

Nilidhani ni kichwa chake kimeruka tena, lakini alikuwa timamu kabisa.

"Kwa nini basi ukajibu vile?"

"Karani aliniuliza swali rahisi. Nikajibu hilo."

Dada aliacha kuchambua. "Na miaka hii yote unaniona nikimlaani karani wa watu, umenyamaza?"

"Ulipokuwa unamlaani yeye," shemeji akasema, "mimi ulikuwa unanihurumia."

Dada aliuweka ungo mapajani mwa mumewe, akafunga kitambaa chake cha kichwa, akatoka kwenda kumtafuta karani amwombe msamaha. Na maharagwe akamwachia mwenye jicho moja ayachambue mwenyewe.