Nilivyoukumbatia Mguu wa Mtu Manundu

Nichekeni tu, mke wangu ameshaanza. Mimi ndiye ninayewafundisha vijana wa Chanika mieleka, na wimbo wangu ni mmoja: "Ukimkamata mguu akakulalia mgongoni, usitulie! Inua kichwa, kibane ubavuni mwake, mzunguke."

Somo hilo alinipa Mhina, mwenzangu wa mazoezi tangu ujanani. Kila nikimvamia miguuni, alirusha miguu nyuma na kunibwagia kifua chote mgongoni. Kisha akahamia Vugiri kulima mboga. Hata salamu haziji, nami nimebaki na vijana wepesi kama makuti.

Jumamosi tulialikwa Korogwe. Nikajitosa mwenyewe uwanjani pale Manundu, niwaonyeshe vijana kwa vitendo. Mpinzani alikuwa jibaba nisilolijua. Nikamdaka mguu, naye akanilalia mgongoni.

Uzito uleule! Hata pumzi za kukoroma sikioni zilikuwa zilezile. Nikaukumbatia ule mguu kwa mikono yote miwili, nikafumba macho, nikatulia tuli.

"Kichwa juu, mwalimu!" vijana wangu walipiga kelele. Niliwasikia kama watu walio ng'ambo ya mto.

"Mhina," nikasema, "mbona hurudi nyumbani?"

Nilidhani nimenong'ona. Kumbe filimbi ilikuwa imeshalia, na uwanja mzima umenyamaza ukinisikiliza.

Jibaba akanigusa bega taratibu.

"Kaka, mimi siye Mhina," akasema. "Niachie mguu kwanza, halafu tukamtafute wote."