Nilivyong'oa hard disk kwenye router ya Matemwe, siku Salma alipoingia kupasuliwa

Wakuu, salamu kutoka Unguja. Haya yamenikuta mwenyewe, sitatia neno wala kutoa.

Nnafanya kazi za mitandao, kibanda changu kiko Mkunazini, Mji Mkongwe. Kule Matemwe nliwafungia intaneti akina mama wanaolima mwani: antena juu ya paa, ndani kompyuta kuukuu nliyoigeuza router ya kuwagawia mtandao.

Shida ikawa hard disk. Umeme wa kule hukatika bila taarifa, na disk ikikatwa katikati ya kuandika, huharibika. Nlishabadilisha tatu.

Asubuhi moja akanipigia Bi Zuhura, kiongozi wao. Alitembea mpaka barabarani ndipo simu ikashika.

"Mwanangu, mtandao umekufa. Na Salma anapasuliwa leo baada ya adhuhuri."

Salma ni bintiye, yuko Maskati kikazi, miaka mingi hawajaonana. Alikuwa anatolewa uvimbe kooni. Madaktari walishamwambia sauti huenda isirudi.

Nikapanda pikipiki na flash nliyokuwa nikiijaribu wiki nzima.

Nikang'oa hard disk, nikachomeka flash. Mfumo wote umo humo. Mashine ikiwaka, unajipakia kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda, na flash inasomwa tu, haiandikwi. Umeme ukikatika hakuna cha kuharibika.

Nikawasha. Kimya.

"Mbona haingurumi? Imekufa?"

"I hai, Bi Zuhura. Ndani hamna kinachozunguka."

Ukimya ule, wakuu, sijui niuelezeje. Jua jeupe mlangoni, harufu ya mwani, mawimbi yakivunjika mbali kwenye mwamba. Kisha uso wa Salma ukaja taratibu kwenye simu ya mama yake, kama mtu anayeibuka majini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema mwanangu, sema chochote."

Salma akawa anawasalimia majirani, jina moja moja. Mama kafumba macho, anasikiliza tu.

Umeme ukakatika.

Bi Zuhura alinitazama, nami nikatazama chini.

Uliporudi, disk ya zamani ingekaa inajikagua, pengine isiamke kabisa. Hii ilinyanyuka yenyewe, nami sijamaliza hata kusoma sura ya Kul-huwallah mara ya tatu moyoni. Mama akapiga tena: Salma bado yupo, nesi kashasimama pembeni yake.

Mama akamsomea dua mpaka mwisho. Akasema, "Nenda mama. Nshakusikia."

Wakuu, funzo langu: palipo na umeme wa mashaka, toeni hard disk, tieni flash. Kumbukumbu ambazo mashine huandika kila dakika zipelekeni kwengine, maana flash nayo huchoka ikiandikwa sana. Mwenye kujua aina ya flash inayostahimili hewa ya pwani aniambie hapa, nna vituo viwili zaidi vya kubadilisha.

Na kwa mtakaouliza: Salma alitoka salama. Sauti ilichukua wiki kadhaa, ikarudi nzito. Bi Zuhura anasema ndiyo sauti ya marehemu bibi yake Salma, na sasa humpigia binti kila siku, wakati mwengine hana hata la kusema.